Makaburi Manne Yaliyompisha Deodata

Jumanne asubuhi, kwenye meza ya mikopo ya benki moja mjini Ngara, Deodata alijaza fomu kwa kalamu iliyofungwa kamba. Kamba ilikuwa fupi, kwa hiyo ilimbidi ainame kila alipofika upande wa kulia wa karatasi. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, mjane wa miaka tisa, na alikuwa ameondoka kwake Mugoma kwa pikipiki kabla jua halijatoka ili awe wa kwanza kwenye foleni. Alikuwa wa saba.

Alikuwa anaomba milioni nne na nusu za kununua mashine ya kukamua ndizi. Huku kwetu ndizi za mutobe, yaani juisi ya ndizi, hukanyagwa na wanaume ndani ya hori la mti, pamoja na nyasi, mpaka juisi itoke. Mwanamke humenya, huteka maji, huchuja, lakini haingii kwenye hori. Ndivyo ilivyo, na nani aliamua hakuna anayemkumbuka. Ansbert, mume wake, alipokuwa hai alikanyaga mwenyewe. Tangu afe, Deodata alikuwa akikodi wanaume wawili, ambao walilipwa, wakala, wakanywa, halafu wakaondoka na dumu moja bila hata kuuliza. Shule ya sekondari iliyo jirani ilitaka lita mia mbili kila wiki. Kwa miguu ya kukodi hakufikisha hata themanini. Kwa mashine angefikisha, na afisa mikopo mwenyewe alikagua mahesabu yake mara mbili akakubali kwamba yamesimama.

Gaspari ndiye aliyekuwa afisa mikopo, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na adabu zake. Alimwamkia Deodata shikamoo, akamvutia kiti, akasoma fomu kwa kidole. Kwenye sehemu ya dhamana, penye maneno "taja mali zote zilizopo kwenye eneo", Deodata alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: migomba mia tatu na arobaini, mibuni sitini na miwili, nyumba ya matofali ya vyumba vitatu, makaburi manne. Makaburi aliyapigia mstari.

Aliyapigia mstari kwa sababu ndiyo yaliyokuwa nguvu yake. Kwetu shamba lisilo na kaburi ni shamba la kupita tu. Alipofiwa na mume, watu wa ukoo walikaa siku mbili wakibishana kama mjane asiye na mtoto aliye hai abaki pale au arudi kwao. Kilichomaliza ubishi ni kwamba mtoto wake, Nice, alikuwa amelala palepale, pembeni ya baba yake. Hata kamati ya ardhi ilipokuja kumpimia kwa ajili ya hatimiliki ya kimila, ilikwenda kwanza kusimama kwenye makaburi, ikayahesabu, ikasema hapa ni kwake. Sasa benki inauliza una nini, wewe uishie kwenye migomba?

Gaspari alifika kwenye mstari ule, akaweka kalamu chini.

"Mama, haya makaburi."

"Ndiyo, manne," alisema Deodata. "La baba mkwe, la mama mkwe, la mume wangu na la mtoto wangu. La mume wangu lina vigae."

"Sasa mama, ukishindwa kulipa, sisi tunapiga mnada. Nani atanunua shamba lenye mume wako ndani?"

Deodata alifikiri. Lilikuwa swali la haki.

"Hakuna," alisema.

"Basi hilo shamba kwetu ni kama halipo."

Tumtendee haki Gaspari, hakuwa mtu mbaya. Alikwenda kumchotea maji ya kunywa yeye mwenyewe. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba eneo likiwa safi, faili lake linaweza kwenda makao makuu, na kwamba biashara yake ni nzuri kuliko nyingi alizoziona mwaka ule. Deodata alishukuru, akakunja nakala ya fomu, akaiweka kwenye mkoba pamoja na sabuni.

Jioni alimaliza kazi zake, akanawa miguu, akaenda kukaa kwenye ukingo wa kaburi la Ansbert kutoa habari za siku. Alifanya hivyo kila jioni kwa miaka tisa: nani amefiwa, sabuni imepanda, mbuzi wa jirani Tecla ameingia tena kwenye maharage. Wafu wake walikuwa wasikivu. Mzee Nduwayo, baba mkwe, alisikiliza kidogo kisha akalala. Ansbert hakuwa mtu wa maneno hata alipokuwa hai, aliitikia kwa kukohoa. Nice, aliyeondoka kwa malaria akiwa na miaka sita, alicheka tu, hata pasipo na cha kuchekesha. Aliyesema kwa niaba ya wote alikuwa mama mkwe, Eustakia.

"Kwa hiyo sisi ndio tunaokuzuia," alisema Eustakia, habari ya benki ilipokwisha.

"Sikusema hivyo, mama."

"Benki imesema. Wewe umeleta ujumbe, hujakosea. Na hiyo mashine, inakamua kwelikweli?"

"Lita sitini kwa saa."

"Ansbert alikuwa anakamua ngapi?"

Deodata hakutaka kumwaibisha mume wake. "Nyingi tu," alisema.

Ansbert alikohoa. Nice alicheka. Eustakia akasema kwamba yeye kwao ni Nyabusozi, upande wa Biharamulo, na kwamba mwanawe mdogo, Audax, alikwenda kulima hukohuko miaka mingi iliyopita na ana eneo kubwa lisilo na hata kaburi moja. "Tutakupisha, Mama Nice," alisema. "Wewe fanya kazi yako."

Hapo ndipo Deodata alipotakiwa kusema hapana. Alilijua hilo, na baadaye alijilaumu kwalo mpaka akakonda. Lakini alikuwa amechoka, lita mia mbili zilikuwa zinamzunguka kichwani, na aliliona kama jambo la muda, mtu anavyompisha mwenzake kwenye njia nyembamba kisha wote wanaendelea. Akasema, "Asante mama."

Waliondoka Alhamisi, kulipopambazuka. Kaburi huinuka kama ng'ombe, nyuma kwanza. La Mzee Nduwayo lilikuwa udongo mtupu na mawe machache, likatoka bila shida. La Eustakia lilifuata, likisimama kila hatua chache kuangalia kama wengine wanakuja. La Ansbert lilikuwa na saruji na vigae, likakwama kwenye mtaro wa maji, na Deodata alilisukuma kwa bega mpaka likapanda. La Nice lilikwenda katikati ya baba na bibi, dogo, na msalaba wake wa mti ukiwa umeinamia upande mmoja kama ulivyokuwa siku zote.

Barabarani watu walipisha. Frednand, mwendesha pikipiki wa kijijini, alizima injini akavua kofia. Lori la maharage lilisubiri mpaka yote manne yakavuka. Mtendaji wa kijiji, Pancras, alitoka ofisini na kuuliza kama wana barua ya kuhama, na alipoambiwa hawana aliwaandikia palepale, akagonga muhuri, akampa Deodata nakala. "Hii utaihitaji benki," alisema. Pancras alikuwa mtu makini.

Deodata aliyasindikiza mpaka kwenye kona ya mikaratusi. Alitaka kumshika Nice, lakini hakujua unamshikaje mtoto aliye ndani ya kaburi linalotembea. Aligusa msalaba, akaunyoosha. Ukainama tena.

"Rudi, ndizi zinaivia ndani," alisema Eustakia.

Akarudi.

Jioni ile alinawa miguu akaenda pale na habari zake, akakuta ardhi tupu, akarudi nazo ndani. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu aliwasha redio ili nyumba isikike kama nyumba ya watu, lakini redio haisikilizi, inaongea tu. Tecla alimshauri apande maharage pale wazi, maana udongo ule umepumzika miaka mingi na ungezaa sana. Deodata alisema atafikiria. Hakufikiria. Upweke ulimshika vibaya, tena upweke wa ajabu, wa mtu ambaye alishafiwa zamani akazoea, na sasa anaanza upya bila msiba, bila wa kumpa pole. Nani angempa pole? Hakuna aliyekufa.

Siku ya kumi na moja Audax alipiga simu.

"Shemeji, shikamoo. Wamefika."

"Marahaba. Wazima?"

"Wazima. Mama analalamika miguu. Njiani walipitishwa kwenye mizani ya malori, kaka peke yake ndiye aliyekaribia kuzidisha uzito, kwa ajili ya vigae. Nimewaweka upande wa juu wa shamba la mihogo, pana upepo mzuri."

Deodata aliomba aongee na Ansbert. Audax aliweka simu juu ya vigae. Ulisikika upepo, na kuku, na kwa muda mrefu hakuna kingine, kisha kikohozi kimoja. Deodata aliibana simu sikioni kwa mikono miwili. Alianza kumwambia kwamba mbuzi wa Tecla amezaa, na salio la Audax likaisha.

Gaspari alikuja kukagua eneo wiki iliyofuata, akiwa na futi ya kupimia na viatu vya kubadilisha. Alikula ndizi aliyokaribishwa, akasifu mibuni, akasoma barua ya mtendaji, kisha akaenda kusimama mahali palipokuwa wazi. Aliukanyagakanyaga udongo kwa ncha ya kiatu.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Mume wangu."

"Na hapa?"

"Hapo mtoto."

Gaspari alipiga picha kwa simu, upande huu na upande ule, hakikuonekana kitu. Akaweka alama ya vema kwenye karatasi yake. "Mama, umejitahidi sana," alisema. "Nina wateja hapa tumewaambia miaka mitano waondoe mgogoro mdogo tu wa mpaka, wameshindwa." Alisema majibu ni wiki tatu.

Zilikuwa saba. Katika wiki hizo wanaume wawili wa ukoo walipita, wakasimama pale wazi mikono nyuma, wakatazamana, wakaondoka bila kukaa wala kuomba maji. Walikuwa hawajapita kwake tangu msiba. Deodata aliwaona akiwa jikoni. Aliingia chumbani kuangalia hatimiliki yake kama ipo. Ilikuwepo, kwenye mfuko wa nailoni, chini ya godoro.

Siku ya majibu Gaspari alimwamkia, akamvutia kiti, akamchotea maji, na Deodata akajua kabla hajakaa.

"Mama, faili lako halina kasoro," alisema Gaspari. "Nataka ujue hilo. Makao makuu wamesitisha mikopo midogo robo hii ya mwaka. Hela wameiweka kwenye hati fungani."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Tunaikopesha serikali. Inalipa vizuri, na haina usumbufu. Hatuendi kukagua eneo, hatubembelezi mtu. Mtu kama wewe, tusikufiche mama, ni kazi kubwa kwa hela ndogo."

Deodata alizungusha kikombe cha maji mezani. Nyuma yake kulikuwa na watu kumi na wawili, mmoja ana ramani ya banda la kuku ameikunja kama barua ya posa.

"Na serikali imeweka dhamana gani?"

"Serikali hatuiombi dhamana."

"Ina makaburi?"

Gaspari aliangalia kompyuta yake kama vile jibu lingekuwemo. "Hatuiulizi, mama," alisema. Na kusema kweli aliona haya. Sikio lake moja liliwaka. Lakini mshahara wake ulikuwa unatoka hukohuko kwenye hati fungani, na nyuma ya Deodata foleni ilikuwa inasogea.

Deodata hakurudi nyumbani. Alipanda gari la Biharamulo palepale stendi na nguo za benki mwilini, akashuka alipoelekezwa, akachukua pikipiki mpaka Nyabusozi. Alifika kwa Audax alasiri. Makaburi yalikuwa upande wa juu wa mihogo, yamejipanga vizuri, yamezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Kwake hayakuwahi kupakwa chokaa. Aliona aibu kidogo.

"Nimekuja kuwachukua," alimwambia shemeji yake, hata kabla ya chai. "Mkopo umekataliwa. Hakuna sababu tena."

Audax alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na koo la Ansbert, hata namna ya kumeza mate ilikuwa ileile, na Deodata alipata shida kumtazama.

"Shemeji," alisema Audax, "mimi hapa nimekaa miaka kumi na minne, naitwa mgeni. Mkutano wa kijiji ukifika, mgeni akae nyuma. Mipaka ikipimwa, mgeni apimiwe mwisho. Wiki ile mama na kaka walipofika, mwenyekiti alikuja mwenyewe. Akahesabu moja, mbili, tatu, nne. Akasema huyu sasa ni wa hapa. Jina langu limepelekwa kwenye hatimiliki. Ukiwachukua, nabaki na nini?"

Maneno hayo Deodata aliyajua yote. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yale aliyowaambia watu wa ukoo siku ya pili ya kikao.

Alikwenda kukaa kwenye ukingo wa kaburi la Ansbert. Vigae vilikuwa na joto la jua. Alitoa habari zote, za wiki tisa, moja baada ya nyingine, mpaka mbuzi wa Tecla na vitoto vyake viwili. Ansbert alikohoa pale alipotakiwa kukohoa. Mzee Nduwayo alilala.

"Turudi vipi?" alisema Eustakia. "Miguu yangu imekwisha. Mtu anahama mara moja akiwa kaburini, Mama Nice, na mara hiyo tumekupa. Tungejua, tungekuambia subiri kwanza hela ishikike mkononi. Lakini nani anajua mambo ya benki? Mimi hata kusoma sijui."

"Mnisamehe," alisema Deodata.

"Ah, usilie bwana. Huku pana upepo."

Alilia hata hivyo. Iliuma sana, wala hakuficha. Kisha akamwomba mama mkwe wake angalau ampe Nice. Nice ni mdogo, angembeba, angekodi gari zima kama ni lazima. Eustakia hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Msikilize."

Watoto wa Audax walikuwa wametoka shule. Walitupa madaftari barazani, wakaja mbio mpaka kwenye kaburi dogo, wakaanza kuruka kamba pembeni yake, wakihesabu kwa sauti. Nice alicheka. Hakikuwa kile kicheko cha Mugoma cha kuchekea hewa. Mtoto mmoja alikanyaga kamba akaanguka, na Nice akacheka kwa sababu hiyo, na walipohesabu upya akahesabu nao. Alifika kumi na tisa. Alipokufa alikuwa anajua kuhesabu mpaka kumi tu.

Deodata alisikiliza mpaka kamba ikawekwa. Alinyoosha msalaba, ukainama. Asubuhi akapanda gari la Ngara peke yake.

Wanaume wa kukodi waliendelea kuja Jumatano na kuondoka na dumu lao. Mashine ile ilinunuliwa na mtu mwingine, haijulikani nani. Shule ilianza kununua juisi ya unga ya kwenye paketi, inayokorogwa kwa maji ya bomba.

Mwezi wa nne, Gaspari alisimama barabarani na pikipiki ya kazini kununua mutobe, maana kusema ukweli aliupenda. Alimwamkia Deodata, akaitikiwa, akakaribishwa kigoda. Alikunywa vikombe viwili akitazama shamba, migomba iliyopaliwa vizuri, nyumba, na katikati ule uwazi laini usio na kitu.

"Eneo lako sasa hivi ni zuri sana, mama," alisema. "Mikopo ikifunguliwa, jaribu tena mwakani."

"Mwakani nihamishe nini?" aliuliza Deodata.

Aliuliza bila ugomvi, kama mtu anayetaka kujiandaa mapema. Gaspari alitazama nyumba. Akatazama mibuni. Kisha akamtazama yeye, aliyesimama peke yake na jagi mkononi, akamtazama kwa muda kidogo mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akainamisha macho. Alilipa vikombe viwili, akaongeza mia tano, akaondoka.

Deodata aliosha vikombe. Alifungia kuku, akanawa miguu, akatoka kwenda pale wazi na kukaa chini kwenye udongo. Akaanza kutoa habari za siku. Alisema afisa wa benki amepita na amelipa vizuri. Alisema shati lake lilikuwa safi. Alisema mbuzi wa Tecla wameingia tena kwenye maharage, mama na watoto wote wawili, na hapo akanyamaza kidogo kusubiri, kama alivyozoea.

Hakuna aliyekohoa.